Pumzi ya Tutu

Mpira wa oksijeni, ule mwembamba unaoingizwa puani, una harufu yake unapotolewa mfukoni kwa mara ya kwanza. Ni harufu ya plastiki changa, tamu kidogo, kama ya mdoli mpya. Naisikia kila siku kazini, maana kazi yangu ni kuwahudumia watu wasiopumua vizuri, na nimeizoea kama mpishi anavyozoea kitunguu. Lakini mwezi uliopita niliufungua mfuko mmoja kwa ajili ya mama yangu mwenyewe, chumbani kwake hapa Rockville, Marekani, na ile harufu ikawa ngeni. Nilibaki nimeushika ule mpira mkononi mpaka mama akanikodolea macho na kusema, "Si uniwekee basi, ama unangoja nikufundishe?" Mama hakupoteza ulimi wake hata alipokuwa anapoteza pumzi.

Alikata roho Jumapili mchana, watu wametoka kanisani na kujaa sebuleni, chai ikichemka jikoni. Baada ya mazishi mdogo wake, ambaye mimi humwita Mama Mdogo, alinivuta kando. "Pale mwisho uliinama hata hatukuona uso wa mama yako," aliniambia. "Wengine wanasema ulikuwa una-pray. Mimi nilidhani una-whisper kitu. Ulimwambia nini?" Nikamjibu kwamba nitamweleza. Nimejaribu mara kadhaa na kila mara sauti inanikatikia njiani, kwa hiyo naandika. Nawaandikia pia wenzangu mlioletwa nchi hii mkiwa mmeshang'oa meno ya utotoni, mkakabidhiwa kwa mzazi mliyemjua kwa sauti ya simu tu. Ninyi mtanielewa upesi.

Mimi nililelewa na bibi yangu, Kogo, kule kwetu Bomet, Kenya, kwenye majani chai na ukungu wa asubuhi. Mama aliondoka kabla sijafikisha miaka mitatu. Kwa hiyo nilipojifunza kusema "mama" nililisema kwa Kogo, na ile sauti iliyokuwa ikipiga simu Jumapili nikaiita "Mama wa Amerika", kama vile mtu anavyosema "mama wa duka" au "mama wa mboga". Sikuwa na ubaya naye. Alikuwa mtu wa mbali anayetuma viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vinabana.

Nilipofikisha miaka minane, nilisafirishwa na mchungaji mmoja aliyekuwa anakuja huku, na mama akaja kunipokea uwanja wa ndege. Lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Mtoto hamsalimu mkubwa kwa mkono. Anainamisha kichwa, mkubwa anamwekea kiganja utosini, na hapo mtoto amesalimiwa na kubarikiwa kwa pamoja. Basi nilimwona mwanamke mnene kidogo, mwenye koti la mtoto mkononi, akinikimbilia huku amefungua mikono. Nikafanya nilivyofundishwa, nikainamisha kichwa. Mkono wake ukashuka utosini kwa mazoea, kwa sababu naye alilelewa na Kogo yuleyule. Nilipoinua uso, ile mikono ilikuwa imeshateremka. Tukasimama pale tukitazamana kama watu wawili wanaogombania teksi moja, kisha akanivisha koti. Lile kumbatio lilipotea pale uwanjani, na hakuna kati yetu aliyejua kulirudia.

Tuliishi mji wa Greenbelt, katika ghorofa ya pili, jirani yetu akiwa Mama Zuhura wa kutoka Tanga. Mama Zuhura hakukubali mtoto apite ngazini bila shikamoo, na siku moja alinieleza kwamba shikamoo, kwa walivyoambiwa wao na wazee wao, ni kumwambia mkubwa kuwa unaishika miguu yake. "Unaona heshima hiyo? Si hai-hai zenu hizi!" Nilimpenda, na shikamoo yake niliitoa kila siku bila shida. Shida yangu ilikuwa ndani ya nyumba. Mama nilikuwa simwiti. "Mama" lilikuwa la Kogo, na "Mama wa Amerika" nilishindwa kulisema mbele ya uso wa mtu. Kwa hiyo nikitaka maji nilisimama karibu yake mpaka anione. Akirudi kutoka kazini nilimpelekea utosi, naye akauwekea kiganja, nikarudi kwenye televisheni. Miezi ilipita hivyo. Usiku nilikuwa namlilia Kogo chini ya blanketi, na sasa najua kwamba upande wa pili wa ukuta mwembamba ule mama alikuwa ananisikia.

Kazi ya mama ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Jumamosi hakuwa na wa kuniachia, maana Mama Zuhura naye alikuwa kazini, hivyo aliomba ruhusa aende nami kwa mzee aliyekuwa akimhudumia siku hiyo. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema niletwe. Alikuwa mjane, anaishi katika zile nyumba za zamani za Greenbelt zilizopakana kuta, na mumewe alikuwa mhandisi wa mambo ya anga zamani. Mama aliponiambia kwamba ametoka Hawaii, nilifurahi mno. Nilikuwa na neno la kumpa.

Wiki hiyohiyo, ya mwisho wa shule, mwalimu alikuwa ametufanyia sherehe ya Hawaii, akatuvisha mashada ya maua ya karatasi shingoni, tukanywa juisi ya nanasi, tukafundishwa kupaza sauti sote kwa pamoja: Aloha! Lilikuwa limeandikwa kwenye vikombe na kwenye vitambaa vya mezani. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, sikujua kama ni Kiingereza au la, lakini kwa jinsi watoto walivyokuwa wakirukaruka nilielewa kwamba maana yake ni likizo.

Basi nilifika kwa yule mzee na shada langu la karatasi shingoni, nikasimama mlangoni, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. "Aloha!"

Alikuwa amekaa dirishani, mwanamke mkubwa wa mwili, nywele nyeupe zimesukwa msuko mmoja, mpira wa oksijeni umepita masikioni na kuingia puani, mashine ikiguruma miguuni kwake. Hakutabasamu. Alisema kitu kwa sauti ya chini, na mama akanitafsiria kwa wasiwasi: "Anasema hajaskia. Anasema umesimama mbali. Enda karibu, na usi-touch hiyo machine."

Nikaenda karibu. Nilipofika mbele ya magoti yake, sikujua mtoto hufanya nini mbele ya mkubwa aliye karibu hivyo isipokuwa lile moja ninalolijua. Nikainamisha kichwa. Nikangoja kiganja. Kiganja hakikuja. Kwetu mkubwa akikataa kukugusa utosi ana neno nawe zito, na mimi ndiyo kwanza nimefika. Shingo ikaanza kuuma. Nikaanza kupekua moyoni ni kosa gani nimefanya, labda yale maua ya karatasi.

Kisha nikahisi vidole viwili chini ya kidevu. Aliniinua uso taratibu, akauvua mpira wake puani akauning'iniza shingoni, akaleta paji lake la uso juu ya langu, pua yake ikalala kando ya yangu, akavuta pumzi. Ndefu. Alinukia wali wa kukaanga na mafuta ya kuchulia viungo. Mimi nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma.

Tukiwa kwenye basi la kurudi, nilimwambia mama, "Yule mzee alikuwa ananinusa." Mama akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka mpaka ufizi. Nikaendelea, "Anavuta hewa yangu. Yake imeisha." Akaacha kucheka. Nikampa ushahidi: kama ile ya mashine inamtosha, mbona ameuvua mpira kwanza? Mama aligeukia dirisha. Alitazama nje mpaka tukafika.

Jumamosi iliyofuata mama alimwuliza mzee mwenyewe, kwa aibu, huku akibadilisha mashuka. Mzee akacheka kicheko kilichogeuka kikohozi. Akaniita nikae kwenye kibao miguuni kwake, akasema nimwite Tutu, kwa kuwa ndivyo watoto wa kwao wanavyowaita mabibi na mababu. Mama alikuwa mkalimani wetu. Tutu alisema kwamba kwao kichwa cha mtoto hakiguswi ovyo na mgeni, kwa sababu ni mahali patakatifu, ndiyo maana nilipomletea changu alishindwa afanye nini. Alinipa alichokuwa nacho, akanipa uso. Kisha akalifungua lile neno, aloha. Alinigusa shavu akasema "alo", yaani uso, kuwa mbele ya mtu. Akapumua nje kwenye kiganja changu akasema "ha", yaani pumzi. "Ndivyo nilivyofundishwa na bibi yangu," alisema. "Ukiwa mlangoni huwezi kulisema. Uliporusha lile lako lilianguka hapo kwenye mkeka."

"Ni neno la furaha?" mama aliuliza kwa niaba yangu, kwa sababu nilikuwa nimemvuta gauni.

"Ni neno la kupenda, na kupenda si furaha siku zote. Nilipomzika mume wangu, ndugu zake walikuja mmoja mmoja wakaniwekea uso, wakasema hilo tu. Mtu akifika unalisema. Akiondoka unalisema. Ukimwona mbwa amevunjika mguu ukamhurumia, linakutoka hilohilo." Akatazama shada langu la karatasi. "Sasa wanaliandika kwenye vikombe."

Halafu akanisimulia habari za babu yake, aliyekuwa mtu wa kuombea wagonjwa. Mzee huyo alipojua siku zake zimefika, alimwita mjukuu mmoja aliyemchagua, akampulizia pumzi yake, ili ile kazi isiende naye kaburini. Mama alitafsiri jambo hilo kwa shingo upande, maana kanisani kwetu wangelisikia vibaya. Mimi lakini nililimeza lote. Mtu mzima alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba pumzi hutolewa na kupokewa, na yule anayeipokea anakaa nayo. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kwenye basi, na kama ni kunivuta hewa, basi Tutu ana haki, yeye ni mgonjwa na mimi mzima. Tangu siku hiyo Ijumaa nilikuwa sikimbii, likizoni wala shuleni. Nilikaa kwenye benchi wenzangu wakicheza, ili nisiitumie pumzi yangu, nimpelekee Tutu ikiwa nyingi.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui nani alikuwa mgeni pale. Tutu alinikaangia nyama ya mkebe juu ya wali, na mama, ambaye hajawahi kuiheshimu nyama ya mkebe, alikula akamaliza. Mama naye alimletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha yenye jivu, aliyoyatengeneza kwenye chupa ya plastiki kwa kukosa kibuyu. Tutu alipoonja alifumba macho. Alisema kwao kuna uji wa viazi fulani unaoachwa uchachuke, na kwamba hajakutana na uchachu wa maana tangu aolewe. Na kila tulipofika na kila tulipoondoka, aliuvua mpira, akaniwekea uso, nami nikampa pumzi yangu ya wiki.

Mama alikuwa anatazama. Hilo sikuliona wakati ule, naliona sasa, na linaniuma. Alisimama pale mlangoni na glavu zake mkononi, kwa sababu kazi yake haikumruhusu kuwabusu wagonjwa, akimwona mtoto wake anaweka uso juu ya uso wa mtu baki, wakati kwake yeye mtoto huyo analeta utosi tu, kama anayemsalimu mwalimu mkuu.

Tutu pia alikuwa anatazama. Siku moja, nikiwa sakafuni na penseli zangu za rangi, wakadhani sifuati Kiingereza chao, alimwuliza mama, "Mtoto wako anakuitaje?"

Mama aliendelea kukunja taulo. "Haniiti."

"Kwenu mnasalimianaje, ninyi watu?"

"Tunasema chamgei."

"Maana yake?"

Mama akafikiri. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. "Ndani yake kuna kupenda," alisema polepole. "Ni kama kuambiana, mpendane."

Tutu aliurekebisha mpira wake puani. "Basi mnalo," akasema. "Mbona mnasalimiana kama mmekutana benki?"

"Nilimwacha mdogo. Siwezi kumlazimisha anipende."

"Sijasema umlazimishe. Nimesema uko mbali."

Majani yalianza kugeuka rangi, na Tutu akaanza kulala kitini katikati ya maneno. Jumamosi ya mwisho hakuweza kuuvua mpira mwenyewe. Aliniashiria niuvue mimi, na mama, ambaye siku zote alinikataza, akatikisa kichwa kukubali. Paji lake la uso lilikuwa baridi. Nilingoja avute kama kawaida, lakini safari hii hakuvuta. Alitoa. Alipumua nje, polepole, ikanigusa midomo na kidevu, na aliponiachia alisema lile neno kwa sauti ambayo aliye mlangoni asingeisikia. Nikajua nimechaguliwa. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Katikati ya wiki mama alirudi nyumbani mchana, wakati usio wake. Alikaa kwenye kochi na viatu vyake, yeye ambaye kwake viatu vilikuwa haviruhusiwi kupita mlangoni. Sikumpelekea utosi. Nilisimama tu.

"Tutu ameenda," alisema.

"Hawaii?"

"Hapana. Amekufa. Leo asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono." Uso wake ulikuwa mkavu na umekunjamana, na alikuwa anaviangalia viatu vyake kama vya mtu mwingine.

Nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimeshaongea, na nilikuwa nimepumua siku nne nzima, shuleni, ngazini, mezani. Sasa mwenyewe hayupo, na ile aliyoniachia ndiyo iliyobaki yote duniani, na inavuja. Mama aliniona nimejiziba, macho yamenitoka, akadhani nataka kutapika. Akakimbilia jikoni akarudi na beseni. "Tapika hapa, tapika hapa, pole!" Nikatikisa kichwa. Akapiga magoti mbele yangu na lile beseni, uso wake ukawa sawa na wangu, karibu kuliko ulivyowahi kuwa tangu nifike nchi hii.

Nikaondoa mikono mdomoni nikamshika masikio. Nikaweka paji langu juu ya lake na pua yangu kando ya yake. Nikapumua nje mpaka pumzi ikaisha kifuani.

"Ni ya Tutu," nilimwambia. "Aliniachia. Chukua, mimi nitaimwaga."

Hakusogea. Nililisikia beseni likimtoka mkononi na kugonga sakafu. Kisha akavuta. Alivuta pumzi kwa pua, ndefu, ikitetemeka, kama mtu aliyekuwa chini ya maji, na alipoitoa ilitoka na kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima. Alimlilia Tutu. Alinililia mimi, miaka mitano na zaidi bila mimi. Alinikumbatia lile kumbatio la uwanja wa ndege, koti lake likiwa bado mwilini. Nikaogopa kwamba nimemvunja.

"Mama, usilie," nilisema. "Mama. Mama, basi."

Sikujua kwamba nimelisema. Yeye alijua. Baadaye aliwasimulia watu kwamba aliposikia hivyo ndipo alipolia vizuri.

Nilipokua nilikwenda kulitafuta lile neno vitabuni. Wataalamu wa lugha wanasema Tutu alifundishwa vizuri kwa moyo lakini siyo kwa historia. Neno aloha, wanasema, halikuunganishwa kwa uso na pumzi. Ni neno moja, la kale sana, lenye ndugu zake katika visiwa vingine vya bahari ile kubwa: Wamaori wana aroha, Wasamoa wana alofa, na kote linahusu kupenda na kuhurumia. Lilivuka maji na watu wake kabla ya kuwa salamu ya kila siku. Hata kule kuwekeana uso na kuvuta pumzi kuna jina lake lenyewe. Nilisoma hayo maktabani, nikafunga kitabu, nikakaa. Sina ugomvi nao. Hata shikamoo ya Mama Zuhura sijui kama kweli ilianzia miguuni. Lakini nimewashika mkono wagonjwa wengi wakiondoka, na sijaona kupenda kulikokaa mbali na uso wa mtu, wala huruma isiyo na pumzi ndani yake. Bibi yake Tutu alijua alichokuwa anakifundisha.

Tangu siku ile ya beseni, mama nami hatukuwahi kusalimiana tena kwa utosi tu. Mbele za watu aliniwekea kiganja, kwa heshima ya kwetu. Tukiwa wawili aliniletea uso, hata nilipokuwa msichana wa shule ya upili mwenye haya, hata siku niliyomkasirisha, hata siku Kogo alipofariki nasi tukashindwa kusafiri. Hakuwahi kusema neno lolote anapofanya hivyo. Alisimama karibu tu.

Kwa hiyo, Mama Mdogo, pale mwisho sikuwa naomba, wala sikumwambia kitu. Niliuona mkono wake umeinuka kidogo juu ya shuka, vidole vinaelekea puani, nikaelewa. Nikauvua ule mpira, nikainama. Yeye ndiye aliyetoa. Mimi nilikuwa napokea.